Somo la Afya: Mifupa Imara katika Nyumba Isiyo na Maziwa



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la afya kwa ajili ya nyumba zetu, nami nimekubali kwa furaha. Lakini kabla ya kuanza sina budi kuungama jambo moja, maana somo hili ni deni. Ni jibu la swali ambalo niliulizwa darasani zaidi ya miaka arobaini iliyopita, nikashindwa kulijibu.

SWALI LA MTOTO

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu. Mwaka huo ulikuwa 1984, nami nilifundisha Sayansi Kimu darasa la tano katika shule moja ya kijiji hapa Dodoma. Siku hiyo niliandika ubaoni: "Mifupa na meno hujengwa na madini ya chokaa. Madini ya chokaa hupatikana katika maziwa." Nikawaambia watoto wanakili, nao wakanakili.

Msichana mmoja akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, sisi nyumbani hatuna ng'ombe. Sasa mifupa yetu inatoka wapi?"

Darasa zima likacheka. Ninyi mnajua jinsi ilivyo katika nchi yetu hii ya wafugaji: mtu asiye na ng'ombe huhesabiwa kuwa hana kitu. Mimi nami, badala ya kuwanyamazisha waliocheka, nilimwambia aketi, tukaendelea na somo. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Kitabu changu kilisema maziwa, nami nikasema maziwa.

Mwaka jana, baada ya ibada, mama mmoja wa mtaa wetu alinifuata chini ya mti. Mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa plasta. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamwuliza habari za mkono. Akanieleza kwamba aliteleza na ndoo ya maji, akajizuia kwa kiganja, mfupa ukavunjika. Hospitalini waliompima wakamwambia kwamba mifupa yake imepungua uzito. Kisha akasema bila uchungu wowote, "Ndiyo yale uliyotufundisha, Mwalimu. Maziwa sikuyapata utotoni. Lakini huyu mjukuu wangu namtafutia."

Hapo ndipo nilipomtambua. Alikuwa yule msichana.

Nilipomwuliza anamtafutia vipi, aliniambia kwamba anauza dagaa, ubuyu na ufuta gulioni, na faida yake hununua kopo la maziwa ya unga kwa ajili ya mjukuu, mtoto wa miaka minne. Kopo likikaribia kwisha huongeza maji ili lifike mwisho wa mwezi. Mtoto akinywa, tumbo humnguruma na mara nyingine huharisha. Nikamwuliza, "Na ninyi nyumbani mnakula nini?" Akajibu, "Ugali na mchicha, Mwalimu. Dagaa ni wa biashara."

Ndugu zangu, usiku ule sikulala vizuri. Mama huyu alikuwa akiuza madini ya chokaa kwa kibaba ili anunue madini ya chokaa kwa kijiko, na aliyemfundisha hivyo ni mimi. Basi sikilizeni somo ambalo ningalipaswa kulifundisha mwaka 1984.

1. KAZI YA MADINI YA CHOKAA

Madini haya wataalamu huyaita kalsiamu. Tukisema "chokaa" hatuna maana ya chokaa ya kupaka ukutani. Hiyo haililiwi, nayo huunguza. Tuna maana ya madini yaliyomo ndani ya chakula.

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu yapata kilo moja. Katika kila sehemu 100 za madini hayo, sehemu 99 zimo katika mifupa na meno. Sehemu moja tu iliyobaki imo katika damu na nyama za mwili, lakini hiyo moja ina kazi kubwa: husaidia moyo kupiga, misuli kujikunja, mishipa ya fahamu kupeleka habari, na damu kuganda mtu akijikata.

Kwa sababu hiyo mwili hauwezi kuiacha damu ipungukiwe. Chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, mwili huikopa kutoka katika mifupa. Mfupa ni kama ghala ya nafaka: wakati wa mavuno tunajaza, wakati wa njaa tunachota. Mkopo usiolipwa mwaka baada ya mwaka huacha ghala tupu, nao mfupa huwa mwepesi na wenye vitundu vingi. Mwenyewe hasikii maumivu yoyote mpaka siku aangukapo.

Ghala hii hujazwa hasa katika utoto na ujana, mpaka mtu afikiapo yapata miaka 30. Baada ya hapo kazi ni kuilinda. Wanawake wakikoma hedhi hupoteza mfupa kwa haraka zaidi, maana homoni iliyokuwa ikiulinda hupungua. Ndiyo maana wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, sisi twaweza kuongeza: na mfupa ujenge ungali mchanga.

2. TUNAHITAJI KIASI GANI?

Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia chakula na afya, yaani FAO na WHO, yalitoa mwongozo mwaka 2004. Kiasi cha kalsiamu kwa siku moja ni hiki:

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3: miligramu 500.
Mtoto wa miaka 4 hadi 6: miligramu 600.
Mtoto wa miaka 7 hadi 9: miligramu 700.
Kijana wa miaka 10 hadi 18: miligramu 1300.
Mtu mzima: miligramu 1000.
Mwanamke aliyekoma hedhi, na mzee aliyepita miaka 65: miligramu 1300.

Mataifa mengine huweka kiasi kidogo zaidi. Uingereza, kwa mfano, huwaambia watu wazima miligramu 700. Kwa hiyo msishike hesabu hizi kama mizani ya dhahabu. Zishikeni kama alama za njiani zinazotuonyesha tuelekeako.

Gilasi moja ya maziwa ya ng'ombe ina yapata miligramu 300. Hicho ni chakula kizuri, wala sisemi neno baya juu yake. Mwenye maziwa na ayachemshe, anywe, na amgawie jirani. Lakini watu wengi wa Afrika, wakishapita utoto, matumbo yao hayawezi kuyeyusha vizuri sukari ya maziwa. Wengine, hasa wa makabila ya wafugaji, wamerithi uwezo huo. Mwaka 2007 wataalamu waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan waliandika juu ya jambo hili. Kwa hiyo mtu ambaye tumbo lake humnguruma akinywa maziwa hajalogwa, wala si mwenye kudeka. Huyo aghalabu huyaweza mtindi, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na vijidudu vinavyogandisha maziwa.

3. VYAKULA VINGINE VYENYE KALSIAMU

Sasa tufike gulioni tuone kilichopo. Hesabu hizi ni za makadirio, maana udongo na mbegu hutofautiana.

(a) Dagaa wakavu. Gramu 100 za dagaa wakavu huwa na zaidi ya miligramu 1000 za kalsiamu. Sababu ni kwamba dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake. Minofu ya sangara au sato ina kalsiamu kidogo sana, kwa kuwa mifupa tunaitupa. Basi akina mama, msikate vichwa vya dagaa na kuvitupa. Vichwani mna mifupa pia. Kama dagaa wana mchanga, waosheni kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu. Kwa mtoto mdogo, kaangeni dagaa wakavu bila mafuta mpaka wawe wakavu kabisa, watwangeni kinuni, chekecheni, na kutia kijiko cha unga huo katika uji au mboga. Hivyo hatakwamwa na mwiba.

(b) Ulezi, ambao wengine huuita wimbi. Gramu 100 zina yapata miligramu 340. Linganisheni na mahindi, ambayo hayafiki hata miligramu 10, na mchele mweupe, ambao nao ni kama miligramu 10 tu. Katika nafaka zetu zote, hakuna iukaribiayo ulezi kwa jambo hili. Mtama na uwele ni vyakula vizuri, lakini si kwa kalsiamu.

(c) Ufuta. Gramu 100 za ufuta wenye maganda yake zina karibu miligramu 975. Kijiko kimoja cha chakula kina kama miligramu 85. Ukikobolewa, sehemu kubwa ya madini huondoka pamoja na maganda.

(d) Majani ya kijani. Sukuma wiki iliyopikwa ina yapata miligramu 150 katika gramu 100. Majani ya chainizi, mgagani, mlenda, na majani ya mlonge nayo ni mazuri. Majani ya mlonge yakikaushwa kivulini na kusagwa, kijiko kimoja cha unga wake huongeza madini mengi katika mboga.

(e) Ubuyu. Unga mweupe wa ubuyu una yapata miligramu 300 katika gramu 100. Hapa Dodoma mibuyu imejaa, na watoto hulamba ubuyu njiani. Tatizo ni ule wa kununua, uliotiwa sukari nyingi na rangi. Koroga unga mweupe katika maji safi au katika uji uliokwisha kuiva.

(f) Maharage, kunde, karanga na mayai. Hivi vina kalsiamu kidogo: bakuli la maharage yaliyopikwa lina kama miligramu 60, na yai moja yapata 25. Haviwezi kubeba mzigo peke yake, lakini haba na haba hujaza kibaba.

4. KILICHOMO CHUNGUNI SI CHOTE KIINGIACHO MWILINI

Hapa ndipo wengi, hata sisi walimu, tulipokosea. Tulisoma orodha ya vyakula tukadhani kwamba kila kilichoandikwa huingia mfupani. Sivyo.

Majani mengine yana asidi iitwayo oksaliki, ambayo hushikamana na kalsiamu na kuifunga. Mwili hauwezi kuifungua, ikapita moja kwa moja hadi chooni. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walipima jambo hili kwa spinachi. Katika kila miligramu 100 za kalsiamu iliyomo, mwili ulipata 5 tu, ambapo katika maziwa ulipata yapata 28. Mwaka 1990 wakapima majani ya jamii ya sukuma wiki, na mwili ukapata yapata 41 katika kila 100, zaidi hata ya maziwa. Majani hayo yote mawili ni ya kijani na yote yana kalsiamu. Tofauti ni ile asidi.

Mchicha wetu nao una asidi hiyo kwa wingi. Je, tuache kula mchicha? La, hasha! Mchicha una vitamini A na mambo mengine mengi mema. Lakini yule mama aliyetegemea ugali na mchicha peke yake hakuwa na pa kupatia kalsiamu. Basi mle mchicha siku hii, na siku nyingine sukuma wiki, chainizi au kabichi.

Maganda ya ufuta nayo yana asidi hiyo, kwa hiyo msiutegemee ufuta peke yake. Nafaka na maharage vina kizuizi kingine, asidi ya fitiki. Hiki bibi zetu walikuwa na dawa yake bila kujua kemia: waliloweka nafaka, wakaichipusha kuwa kimea, au wakaacha uji uchachuke kabla ya kuupika. Mambo haya hupunguza kile kizuizi na kuyaacha madini huru. Kwa hiyo unga wa ulezi ulioloweshwa, ukachipushwa na kuanikwa kabla ya kusagwa, una faida zaidi kuliko ule uliosagwa hivi hivi. Maharage nayo yalowekeni usiku, mmwage maji, ndipo mpike.

5. JUA, CHUMVI NA KAZI ZA MIKONO

Kalsiamu haiingii mwilini vizuri bila vitamini D, na vitamini hiyo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua. Kwa wengi wetu wenye kulima na kuchota maji, jua si tatizo. Lakini wako wanaokosa: mgonjwa wa kitandani, mzee asiyetoka chumbani, na mtoto mdogo anayefungiwa ndani mchana kutwa wakati mama yuko kazini. Hao watolewe nje kila siku.

Lakini jua peke yake nalo halitoshi. Katika mji wa Jos, nchini Nigeria, watoto wengi walikuwa na matege, yaani miguu iliyopinda kwa ulaini wa mifupa, ingawa jua huwaka huko kama kwetu. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 123 wenye matege. Watoto hao walikuwa wakipata yapata miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku. Waliopewa kalsiamu, pamoja na vitamini D au bila hiyo, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Tena mwaka 2015 yakachapishwa matokeo mengine kutoka nchi hiyo hiyo: watoto wenye matege waliopewa unga wa samaki waliosagwa pamoja na mifupa walipata nafuu sawa na wale waliopewa unga wa mawe ya chokaa uliotayarishwa kwa tiba. Naomba mlitafakari hilo, ninyi mnaouza dagaa.

Chumvi nyingi hufanya kalsiamu itoke kwa wingi katika mkojo. Pungezeni chumvi mezani, na dagaa wa chumvi waosheni vizuri. Na mwisho, mfupa hupenda kazi. Kutembea, kulima, kubeba mzigo wa kadiri, hata kucheza ngoma, huuambia mfupa ukaze. Mfupa usiofanya kazi hudhoofika hata kama chakula kipo.

6. MAMBO YANAYOSEMWA AMBAYO SIYO

Husemwa kwamba supu ya mifupa hujenga mifupa. Supu ni tamu na hutia nguvu, lakini mfupa mgumu hauachii kalsiamu nyingi ndani ya maji, hata ukichemka siku nzima. Kunyweni supu, ila msiihesabu.

Husemwa kwamba magadi yana madini sawa na chokaa. Magadi ni chumvi ya aina nyingine, hayana kalsiamu ya kutegemewa. Yakitiwa kwa wingi katika mlenda huharibu vitamini, na magadi ya sehemu nyingine yana fluoridi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa. Miguu ya watoto wa sehemu za Arusha na Kilimanjaro mara nyingine hupindwa na fluoridi iliyomo katika maji. Kwa hiyo mtoto mwenye miguu iliyopinda apelekwe hospitali achunguzwe; asitibiwe kwa kubahatisha.

Husemwa kwamba mama mjamzito akila udongo hupata madini. Udongo waweza kuwa na mayai ya minyoo na sumu, na waweza kumzuia kupata madini ya chuma. Akitamani udongo, aeleze kliniki.

7. WANAOHITAJI UANGALIFU WA PEKEE

Mtoto mchanga: mpaka atimize miezi sita, asipewe chochote ila maziwa ya mama yake, wala asipewe uji wa ulezi au dagaa. Baada ya hapo aanzishwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi.

Mama mjamzito: tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mama wajawazito wanaopata kalsiamu kidogo katika chakula wapewe vidonge vyake, kwa kuwa hupunguza hatari ya kupanda kwa shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Mwulize mwuguzi wa kliniki. Ukipewa vidonge hivyo pamoja na vya madini ya chuma, usivimeze kwa wakati mmoja. Achanisha kwa saa kadhaa.

Wazee, hasa akina mama: ukivunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, usiseme ni uzee. Mwulize daktari juu ya mifupa yako. Mwenye ugonjwa wa figo au mawe ya figo asiongeze madini haya pasipo kumwuliza daktari.

8. HESABU YA MAMA YETU

Basi siku ile ya pili nilikwenda nyumbani kwa mwanafunzi wangu na penseli na karatasi. Nikamwambia, "Mwanangu, leo nimekuja kulijibu lile swali lako la darasa la tano." Akacheka. Nilidhani amelisahau. Akasema, "Mwalimu, nililisubiri mpaka nikachoka."

Nikamwomba msamaha, kwa swali na kwa kile kicheko cha darasa. Akasema yamekwisha. Kisha tukaketi tukahesabu yale yaliyokuwa ndani ya magunia yake, tukaongeza na ulezi wa gulioni, tukapata chakula cha mtu mzima kwa siku moja:

Uji wa unga wa ulezi gramu 60: miligramu 200.
Ufuta uliokaangwa na kutwangwa, vijiko 2: miligramu 170.
Dagaa wakavu gramu 25, yaani konzi ndogo: miligramu 250.
Sukuma wiki iliyopikwa gramu 150: miligramu 225.
Maharage bakuli moja: miligramu 60.
Unga wa ubuyu gramu 30: miligramu 90.
Jumla: miligramu 995.

Hakuna tone la maziwa humo. Yeye amekoma hedhi, kwa hiyo yampasa kupata zaidi ya hapo, na tumeona kwamba si yote yaingiayo mwilini. Hata hivyo tulipohesabu chakula chake cha zamani, ugali na mchicha, kile ambacho mwili ungeweza kukitumia kilikuwa kidogo mno. Mjukuu yeye anahitaji miligramu 600. Kikombe cha uji wa kimea cha ulezi asubuhi, kijiko cha unga wa dagaa katika mboga mchana na jioni, sukuma wiki na ubuyu kidogo vyamfikisha karibu na hapo.

Sikumwambia aache maziwa kabisa. Nilimwambia asiuze dagaa wote. Siku hizi kabla ya kwenda gulioni hupima kibaba cha nyumbani kwanza, ndipo huuza kilichobaki. Kopo la maziwa amelipumzisha, na tumbo la mtoto limetulia. Mfupa wa mkono umeunga, na daktari anaendelea kumwangalia. Mfupa uliopungua kwa miaka mingi haurudi kwa mwezi mmoja, nami sitaki kuwadanganya. Lakini kile kilichopo chaweza kulindwa, na mifupa ya mtoto ndiyo kwanza inajengwa.

Wengine wenu wa rika langu mtakumbuka redio na vikundi vya kusoma wakati wa "Mtu ni Afya" mwaka 1973, na "Chakula ni Uhai" mwaka 1975. Tulifundishwa wakati ule kutazama kwanza kile kilichopo shambani kwetu. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikasikia, kisha nilipokuwa mwalimu nikafundisha yaliyo kitabuni na kusahau yaliyo shambani. Walimu wenzangu mlio kazini bado, mtoto akiwauliza swali msilolijua, mwambieni, "Sijui, nitatafuta." Kuuliza si ujinga, na kutojua si aibu. Aibu ni kumketisha mtoto.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja vyakula vinne vyenye kalsiamu vinavyopatikana katika kijiji chako wakati wa kiangazi, na vinne wakati wa masika.
2. Kwa nini dagaa ana kalsiamu nyingi kuliko minofu ya samaki mkubwa?
3. Mchicha na sukuma wiki vyote ni vya kijani. Tofauti yake ni nini kwa habari ya kalsiamu?
4. Ni nani katika nyumba yako hatoki nje juani? Utamsaidiaje?
5. Nyumbani kwako, ni chakula gani huuzwa chote ambacho kingefaa kubakizwa kidogo?

KAZI YA NYUMBANI

Andika vyakula vyote ulivyokula jana, ukapige hesabu kama tulivyofanya hapo juu. Akina mama wa mtaa watakapokutana, walete karatasi zao. Nami nitakuwapo na penseli yangu. Atakayekuwa na swali alilete pia, hata kama darasa zima litacheka.

Bwana awabariki nyote.

Mwalimu wenu mstaafu